Owino Uhuru: Betri Chakavu, Leseni, na Hukumu ya Shilingi Bilioni 1.3

Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Ann Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa aliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Magazeti yaliishika hesabu hiyo, na si ajabu, kwa kuwa si kila siku kijiji cha mabati kinashinda kesi ya namna hiyo. Lakini sehemu ya hukumu inayostahili kusomwa mara mbili ni mgawanyo wa lawama. Kiwanda kilichoyeyusha betri na kuachia sumu kilibebeshwa asilimia 25. NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, ambayo kazi yake ilikuwa kukizuia kiwanda hicho, ilibebeshwa asilimia 40. Zilizobaki ziliwaangukia Wizara ya Mazingira, Wizara ya Afya, mamlaka ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vinavyozalisha kwa ajili ya kuuza nje, na kampuni iliyokimiliki kiwanja.

Mlinzi, basi, alitozwa zaidi ya mharibifu. Uchambuzi huu unatafuta ni kwa nini ikawa hivyo, na kisa hiki kinamwambia nini mtu yeyote anayenunua, kubeba, kurundika au kuyeyusha betri za magari, ziwe za lori, za tuktuk au za sola.

Owino Uhuru ni makazi ya watu wapatao 3,000 upande wa bara wa mji wa Mombasa, karibu na Mikindani, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mwaka 2007 kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kazi pale. Kazi yenyewe ilikuwa kununua betri zilizokufa, kuzivunja, kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, kumimina mikuo, yaani vipande vya risasi vilivyogandishwa, na kuisafirisha nje ya nchi. Ukuta wa kiwanda ulipakana na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mapaa, maji yenye tindikali yakapita katikati ya makazi, na vijana wa palepale kijijini ndio walioajiriwa kupasua betri, wakarudi jioni kwa watoto wao na nguo zilezile za kazini.

Betri ya gari ina mali, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi tu, joto ambalo hata jiko la mkaa lenye kipulizio hulifikia. Kwa hiyo hakuna anayeitupa. Mwenye gereji humuuzia mtu wa mkokoteni, wa mkokoteni humuuzia mwenye yadi ya skrapu, na yadi humuuzia kiwanda. Taka nyingine hulazimika kutafutiwa mtu wa kuzichukua. Betri zina wateja wanaozigombania. Kinachobaki bila mnunuzi ni ile tindikali, ambayo humwagwa mtaroni ili mzigo uwe mwepesi, pamoja na vumbi na mavi ya madini yanayobaki tanuruni.

Mtu anaweza kudhani kwamba Kenya haikuwa na sheria ya mambo haya wakati huo. Ilikuwa nayo, tena ya kutosha. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, inayojulikana kwa kifupi kama EMCA, ilidai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi wa aina hii haujaanza, kisha ukaguzi wa mara kwa mara ukishaanza. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, zilizotoka mwaka mmoja tu kabla ya tanuru la Owino Uhuru kuwashwa, zilikataza mtu yeyote kufanya shughuli inayozalisha taka hatari bila leseni ya tathmini hiyo. Msafirishaji alitakiwa awe na leseni, na kila shehena iandamane na hati ya kuifuatilia, inayoonyesha ilikotoka, aliyeibeba na aliyeipokea. Mwenye ghala la taka hatari alitakiwa awe na leseni yake. Hata lebo za vyombo vya kuhifadhia taka hizo zilitakiwa ziandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, pamoja na alama ya fuvu na mifupa.

Kimataifa nako, Kenya ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Basel, unaodhibiti kuvushwa kwa taka hatari kati ya nchi na nchi, tangu mwaka 2000. Mkataba huo, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika 1992, unaziweka betri chakavu za risasi, nzima au zilizopondwa, kwenye orodha ya taka hatari chini ya nambari A1160. Mwenye nia ya kuzivusha mpaka, tuseme kutoka Arusha kupitia Namanga, hana ruhusa ya kupakia lori na kwenda. Nchi inayotoa lazima iiarifu nchi inayopokea, na ipate kibali cha maandishi kwanza. Ila Basel inaishia hapo. Mkuo wa risasi uliokwisha kumiminwa ni bidhaa, tena safi kwa jicho la forodha, na hauhitaji kibali cha namna hiyo. Kiwanda cha Owino Uhuru kilikuwa EPZ, kimejengwa kwa ajili ya kuuza nje. Mikuo ikaondoka kupitia bandarini kama bidhaa halali, na kila kilichokuwa taka ndani ya betri kikabaki Mikindani.

Kwa hiyo swali la kisa hiki si kama sheria ilikuwepo. Swali ni nani aliyeiona ikivunjwa, akiwa na kalamu mkononi.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido kushughulikia uhusiano na jamii. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na tayari hapo msomaji wa sheria anashtuka, maana tanuru lilikuwa limekwisha washwa. Mtaalamu aliyepewa kazi aliona kwamba mahali pale hapafai kwa kiwanda cha namna hiyo. Omido alishauri kihamishwe, na uongozi ukamwondoa kwenye jukumu hilo. Muda si mrefu mwanawe mchanga, aliyekuwa bado ananyonya, akaanza kuugua. Alipimwa magonjwa mengi hadi ilipogundulika kuwa ana risasi katika damu. Mama alikuwa akiivuta sumu kazini na mtoto akiipata kwake. Akaacha kazi, akaomba watoto wengine wa kijiji wapimwe, nao wakakutwa nayo.

Kuanzia hapo ikawa miaka ya barua, vikao na maandamano. Kiwanda kilisimamishwa, kikaruhusiwa tena. Mwaka 2012 Omido na wenzake walikamatwa na kushtakiwa kwa kuchochea ghasia na kwa mkusanyiko haramu, na mwishowe mahakama ikawaachilia huru. Shirika alilolianzisha, Center for Justice, Governance and Environmental Action, lilipeleka malalamiko hadi Seneti. Januari 2014 kiwanda kilifungwa kabisa. Mwaka uliofuata Omido alipewa tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira duniani.

Mwaka huohuo wa 2015, watafiti walipima damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa Bangladesh, makazi mengine ya Mombasa yaliyo mbali na kiwanda. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita moja ya damu, wa Bangladesh 3.7. Anayezisoma haraka ataona ni mara mbili tu, wala si balaa. Asome polepole. Risasi haikai katika damu muda mrefu: ndani ya mwezi mmoja hivi nusu yake huwa imetoka, nyingine ikijificha mifupani kwa miaka mingi. Vipimo hivi vilichukuliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya moto kuzimwa. Kwa maneno mengine, havionyeshi hali ilivyokuwa wakati bomba la moshi likitoa wingu. Vinaonyesha kwamba udongo, vumbi la ndani na mapaa viliendelea kuwalisha watoto sumu wakati tanuru limekwisha poa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na linashauri chanzo kitafutwe mara mtu anapofikia mikrogramu 5.

Afrika ilikuwa imekwisha kuonywa. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi, na chanzo kilikuwa ni kazi ileile ya kuvunja betri na kuchekecha udongo uliojaa mabaki yake. Dakar ilikuwa biashara ya mtaani isiyo na karatasi. Mombasa kulikuwa na kampuni iliyosajiliwa, lango, mlinzi na leseni ukutani. Tofauti hiyo ndiyo inayokifanya kisa cha Owino Uhuru kiwe cha sheria zaidi kuliko cha ajali.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016, Ombi Nambari 1 la mwaka huo, na walalamikaji kumi: wakazi pamoja na shirika la Omido, kwa niaba yao na ya kijiji kizima. Hawakuileta kama dai la kawaida la madhara, ambalo lingemlazimu kila mgonjwa athibitishe peke yake kwamba ugonjwa wake ulitoka kwenye bomba lile. Waliileta chini ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikiwa hatarini kuvunjwa, na kinaongeza jambo ambalo mawakili wengi wa nchi jirani wangelitamani: mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Hapo ndipo serikali iliponaswa. Katika dai la kawaida, msimamizi hujitetea kirahisi kwamba si yeye aliyewasha moto. Katika dai la haki ya kikatiba, swali linageuka na kuwa: ulikuwa na wajibu gani, na uliutimiza? NEMA ilikuwa na mamlaka ya kukataa leseni, ya kukagua, ya kutoa amri za kurekebisha, ya kufunga na kushtaki. Haiwezi kusema haikujua, kwa kuwa iliwahi kukisimamisha kiwanda hicho yenyewe. Kwa maoni yangu, kule kukisimamisha kisha kukiachia ndiko kulikoimaliza. Ofisi ambayo haikufika kabisa ingeweza kulia uhaba wa watumishi na magari. Iliyofika, ikaona, ikaandika, kisha ikaruhusu kazi iendelee, haina pa kujifichia.

Mamlaka ya EPZ nayo ilitoa leseni ya biashara na vivutio vya kodi kwa kiwanda kilichogusana ukuta na nyumba. Mwenye kiwanja alipangisha. Watu wengi husahau hili la mwisho: kupangisha yadi kwa mtu wa betri kunaweza kukuingiza katika hukumu hata kama hujawahi kushika betri.

Mbali na fidia, Jaji Omollo aliamuru udongo na maji visafishwe na mabaki ya kiwanda yaondolewe ndani ya miezi minne, na wahusika wakishindwa, shilingi milioni 700 zitolewe ili kazi hiyo iratibiwe na shirika la walalamikaji. Agizo hili halikuvuma kama lile la bilioni 1.3, ingawa kwa mtoto anayezaliwa kijijini leo ndilo lenye uzito zaidi. Risasi haiozi. Haitoweki kwa mvua, wala jua haliiunguzi. Isipochimbwa na kuondolewa, au kufunikwa kisawasawa, itabaki palepale ilipo.

NEMA ilikata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua ile fidia na kurudisha suala la kiasi chini likakadiriwe upya, kwa hoja kwamba jumla ile haikuonyeshwa ilivyojengwa kutokana na ushahidi wa madhara. Nakiri hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kifungu cha 70 kinafungua mlango wa mahakama bila kudai uthibitisho wa hasara, lakini hakisemi shilingi ngapi zitoke mara mtu akishaingia. Watu 3,000 hawakuumia sawasawa. Yuko aliyezika mtoto, yuko aliyehamia kijijini miezi michache kabla ya kiwanda kufungwa.

Lakini fikiria ukadiriaji huo ungefanyikaje. Damu ambayo ingeonyesha kiwango cha mwaka 2010 haipo. Wengi hawakupimwa kabisa, na kuwapima wote ilikuwa sehemu ya kazi ambayo vyombo vya serikali vilitakiwa kuifanya na havikuifanya. Kumdai mkazi alete cheti cha maabara cha mwaka ambao hakuna aliyekuja kumtoa damu ni kumpa mdaiwa faida ya uzembe wake mwenyewe. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifunga mjadala huo kwa kuirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Ushindi wa mahakamani, hata hivyo, si fedha mkononi. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya Kenya, kifungu cha 21, inakataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni la hukumu. Dalali hawezi kwenda wizarani akabeba viti. Mshindi anachukua hati ya amri kutoka mahakamani, anaipeleka kwa afisa mhasibu wa wizara, na akipuuzwa inambidi afungue shauri jingine la kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo alipe. Akikaidi hiyo nayo, ndipo anaposhtakiwa kwa kudharau mahakama. Kila hatua ina mawakili wake na miaka yake.

Na ile asilimia 25 ya kiwanda? Hukumu ilipotolewa, tanuru lilikuwa limezimwa miaka sita. Hapa kuna kipengele cha sheria ambacho kingebadilisha kisa chote kama kingetumika mapema. EMCA, kifungu cha 28, inaruhusu kutozwa amana kwa wanaofanya shughuli zenye uwezekano wa kuharibu mazingira vibaya. Fedha zinawekwa kabla, zinarudishwa mhusika akiondoka pakiwa safi, na zinatwaliwa akiacha uchafu. Kiwanda cha kuyeyusha betri ndicho mfano wa kitabuni wa anayepaswa kuweka amana ya namna hiyo. Bila amana, kanuni ya mchafuzi alipe inabaki maneno mazuri, kwa sababu kufikia siku ya kulipa mchafuzi huwa ameshauza mitambo, na bili inamrudia mlipa kodi, akiwemo yule wa Owino Uhuru anayelipa kodi kila anaponunua sukari.

Tangu wakati huo Kenya imepata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwisha mzalishaji na mwagizaji wa bidhaa wajibu wa kuifuata bidhaa yake hadi mwisho wa uhai wake. Kwa betri, jambo hili lina mantiki kubwa. Muuzaji tayari anao mkondo wa kuzipokea: mteja anapokuja kununua mpya huacha ile ya zamani dukani na kupunguziwa bei. Shida ni mahali inakokwenda ikitoka hapo. Yadi inayomwaga tindikali mtaroni haina gharama ya kuisafisha, kwa hiyo humpa muuzaji bei nzuri kuliko kiwanda chenye mashine iliyofungwa ya kupondea, vichujio vya moshi, bafu na dobi la wafanyakazi, na vipimo vya damu kila kipindi. Sheria isipoigusa tofauti hiyo ya bei, anayefuata kanuni ndiye atakayekosa mali ghafi. Na mzigo unaongezeka: mifumo ya sola vijijini bado inatumia sana betri za risasi, ambazo katika joto la kwetu, zikitumiwa ovyo, hufa baada ya miaka michache.

Kwa mwenye gereji au duka, yale yanayotakiwa kwa vitendo si mengi. Betri ziwekwe wima, zikiwa nzima na maji yake ndani, juu ya sakafu ya zege, chini ya paa, mbali na mtaro. Iliyopasuka itiwe katika chombo cha plastiki kisichovuja. Anayekuja kuzichukua aonyeshe leseni ya kusafirisha taka hatari, ya NEMA kwa Kenya au kibali cha taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwa Tanzania, na aseme ni kiwanda gani anakipelekea. Hati ya kufuatilia shehena isainiwe na nakala ibaki dukani. Mnunuzi anayetaka betri zimwagwe maji kwanza ndipo apime kilo, huyo ameshajieleza ni wa namna gani.